Kichwa Kikigongwa Uwanjani: Mwongozo wa Mtikisiko wa Ubongo kwa Makocha na Wachezaji wa Mpira wa Kikapu

Tarehe 27 Mei 2015 mjini Oakland, Golden State Warriors walikuwa wanacheza na Houston Rockets mechi ya tano ya fainali ya Kanda ya Magharibi ya NBA. Klay Thompson alijifanya anarusha mpira, Trevor Ariza akaruka kumzuia, na goti la Ariza likamgonga Thompson kichwani. Alitolewa uwanjani, damu ikimtoka sikioni, madaktari wa timu wakamwangalia na kumruhusu arudi kucheza. Mechi ilipokwisha ndipo hali ikaanza kubadilika. Baba yake alisema alitapika. Siku mbili baadaye klabu ilitangaza kwamba daktari wa mishipa ya fahamu amemkuta na mtikisiko wa ubongo.

Hiyo ni timu yenye madaktari wake, katika ligi ambayo tangu msimu wa 2011–12 ina utaratibu rasmi wa kushughulikia mitikisiko. Na bado dalili zilichelewa zikawapita. Sasa fikiria uwanja wa saruji nyuma ya shule: kocha mmoja, filimbi moja, sanduku la huduma ya kwanza lenye plasta tatu na chupa ya spiriti. Hapo kazi yako si kujua kama ubongo umeumia au haujaumia. Hilo huliwezi, wala daktari hana uhakika nalo dakika ile. Kazi yako ni kumtoa mchezaji, kumtazama, na kutomrudisha. Kikapu hakina kikomo cha kubadilisha wachezaji kama soka. Unaweza kumtoa mtu dakika yoyote mpira unaposimama bila kuigharimu timu nafasi, kwa hiyo kisingizio cha "nimemaliza mabadiliko" hakipo.

Unachokishughulikia ni nini

Ubongo ni laini na umekaa ndani ya mfupa mgumu. Kichwa kikisukumwa au kikizungushwa ghafla, ubongo nao unatikisika na utendaji wa chembe zake unavurugika kwa muda. Si lazima kichwa kigongwe. Ukipigwa bega kifuani kwa nguvu, shingo ikarudi nyuma kama mjeledi, inatosha. Kupoteza fahamu pia si sharti: hutokea katika chini ya mitikisiko 10 kati ya 100. Kwa hiyo "hakuzimia, yuko sawa" haithibitishi chochote.

Kwenye kikapu mapigo yanatoka sehemu zile zile. Kiwiko chini ya ringi mtu anapozungusha mikono kulinda ribaundi, yaani mpira uliorudi baada ya kukosa kikapu. Skrini, yaani mchezaji anayesimama kumzibia mlinzi njia, asiyoiona mlinzi aliyekuwa akirudi nyuma mbio. Vichwa viwili kukutana kwenye mpira uliopotea. Na mbaya kuliko zote, mchezaji aliyeruka kisha mtu akaingia chini ya miguu yake: anashuka bila kujua sakafu iko wapi, kisogo kinatangulia. Wengi huwafikiria wavulana wakubwa wanaogombea nafasi chini ya kikapu, lakini takwimu za shule za sekondari Marekani zimekuwa zikionyesha kwamba wasichana wa kikapu hupata mitikisiko zaidi ya wavulana. Timu ya wasichana isichukuliwe kuwa ya hatari ndogo.

Kabla ya msimu: karatasi moja

Andika karatasi moja na uiweke ndani ya mkoba wa mipira, kwa sababu simu huisha chaji. Iwe na namba ya mzazi au ndugu wa kila mchezaji, hospitali ya karibu yenye kipimo cha CT, kile cha kupiga picha za ndani ya kichwa (si zahanati tu), na jina la mtu mwenye gari siku ya mechi. Dar es Salaam majeraha makubwa ya kichwa huishia Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Nairobi, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Ukiwa mkoani, uliza mapema ni wapi kipimo kinafanya kazi kweli, maana kuwepo kwa mashine na mashine kufanya kazi ni mambo mawili.

Kwenye karatasi hiyo hiyo weka jibu la swali moja kutoka kwa kila mchezaji: umewahi kugongwa kichwa ukazimia, ukasahau, au ukaumwa kichwa kwa siku kadhaa? Aliyewahi anahitaji uangalifu zaidi.

Halafu taja mbele ya timu nzima ni nani mwenye neno la mwisho la kumtoa mtu. Asiwe nahodha, wala mfadhili aliyenunua jezi.

Dakika ya kwanza

Mchezaji yuko chini. Mwamuzi akipiga filimbi, nenda wewe, na wachezaji wengine wasimnyanyue. Hili la kumvuta mkono "amka amka" limezoeleka mno viwanjani, na kama shingo imeumia ndilo linaloweza kumpoozesha.

Piga magoti upande wa kichwani kwake, shika kichwa kwa mikono miwili kisitembee, na uongee naye. Kama hajibu na hapumui kawaida, suala la shingo linakuwa la pili: anza kukandamiza kifua na mtu mwingine apige simu. Kama anapumua ila hajibu, au anajibu lakini shingo inauma, au mikono au miguu ina ganzi, abaki alivyo, kichwa kimeshikwa, mpaka wafike watu waliofunzwa. Akianza kutapika akiwa amelala chali, mgeuzeni ubavu wote kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikigeuka kama kitu kimoja.

Gari la wagonjwa linaweza kuchelewa au lisije kabisa. Mkilazimika kumsafirisha, tafuteni gari ambalo mtu anaweza kulala amenyooka, na mmoja wenu afanye kazi ya kushika kichwa tu mpaka hospitali. Bodaboda hapana. Hata yule anayeonekana ametulia asikae nyuma ya pikipiki baada ya kugongwa kichwa, kwa sababu kizunguzungu kinaweza kumshika mkiwa barabarani.

Akiwa macho, shingo haiumi na anachezesha viungo vyote, aketi kwanza, ndipo asimame akiwa ameshikwa, ndipo atoke.

Yanayomtoa mchezaji

Alama moja tu ikionekana, ametoka kwa siku hiyo. Usizihesabu zifike tatu.

Baadhi utaziona mwenyewe. Alilala chini bila kujongea hata kwa sekunde chache. Aliinuka akiyumba, au akashika nguzo ili asianguke. Macho yamekodoa hayamwangalii mtu. Anashika kichwa. Mchezesha timu aliyekuwa na akili za haraka sasa anaita mpango mliouacha msimu uliopita, au anakimbilia kulinda kikapu kisicho chenu. Anauliza "ngapi ngapi?", unamjibu, na baada ya nusu dakika anauliza tena kwa sauti ile ile kama hakuwahi kujibiwa. Hilo la mwisho likitokea huhitaji kuendelea kutafuta.

Nyingine atakwambia, ukimuuliza kwa utulivu mbali na wenzake: kichwa kinauma au kinagonga, kichefuchefu, anaona ukungu au vitu viwili viwili, taa zinamchoma macho, kelele zinamkera, ana usingizi, anajisikia mzito, au "sijielewi tu". Mtoto hasemi hivyo. Mtoto analia, anakasirika ovyo, anasema tumbo linauma, anataka kwenda kwa mama.

Hapo kuna maswali matano yanayotumika michezoni dunia nzima, yakigeuzwa kidogo kwa kikapu:

1. Tuko uwanja gani?
2. Hii robo ya ngapi?
3. Nani kafunga mwisho?
4. Mechi iliyopita tulicheza na nani?
5. Tulishinda?

Uliza na umpe nafasi afikirie. Akikosea hata moja, anatoka. Lakini akipata yote haina maana kwamba amepona. Kumbukumbu inaweza kuwa nzima na mtikisiko upo. Makocha wengi hulitumia jaribio hili kwa kinyume: wanauliza matano, wanapewa matano, wanamrudisha mtu ndani. Kama pigo lilikufanya ukauliza maswali, tayari una shaka, na mwenye shaka hachezi.

Sheria nazo zinakusaidia. Chini ya kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, mchezaji aliyeumia akishindwa kuendelea mara moja, ndani ya kama sekunde 15, au akihudumiwa uwanjani, lazima abadilishwe. Kwa hiyo ukiingia kumhudumia, kutoka kwake ni suala la kanuni, na huna haja ya kubishana na mtu.

Hospitali sasa hivi, bila kusubiri mechi iishe

Mtikisiko wenyewe mara nyingi hupona. Kinachoua ni damu inayovuja ndani ya fuvu, na ubaya wake ni kwamba mtu anaweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa, anaongea na kucheka, kabla ya kuporomoka. Ukiona lolote kati ya haya, anza safari:

- alizimia, au anazidi kuwa mzito na kusinzia kwa namna isiyo ya kawaida
- kichwa kinazidi kuuma badala ya kupungua
- anatapika zaidi ya mara moja
- anatetemeka mwili mzima kama mwenye kifafa
- mkono au mguu umeishiwa nguvu au una ganzi, au usemi unakokoteka
- anaona vitu viwili viwili au haoni
- shingo inauma
- anazidi kuchanganyikiwa, kuhangaika au kuwa mkali kwa watu
- fuvu limebonyea, au majimaji mepesi au damu inatoka puani au sikioni bila kidonda unachokiona

Ukifika, mweleze daktari ulichokiona kwa mpangilio: aligongwa na nini, saa ngapi, alizimia kwa muda gani, ametapika mara ngapi. Ukiwa na video ya simu ya lile tukio, mwonyeshe. Inamsaidia kuliko maelezo ya watu sita wanaoongea kwa pamoja.

Kuhusu CT watu huchanganyikiwa. Kipimo kile kinatafuta damu na mpasuko wa mfupa. Mtikisiko wenyewe kwa kawaida hauonekani. Picha ikiwa safi ni habari njema, lakini hairuhusu mtu kucheza Jumamosi.

Usiku wa kwanza nyumbani

Asirudi nyumbani peke yake, na kwa saa 3 za mwanzo angalau asiachwe bila mtu. Asiendeshe gari wala pikipiki. Pombe asiguse, hata kama timu imeshinda na watu wanasherehekea.

Dawa ya maumivu ni parasetamo. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo wachezaji wetu humeza kama karanga kwa ajili ya magoti, ziwekwe pembeni siku mbili za mwanzo kwa sababu zinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Dawa ya usingizi pia hapana, isipokuwa daktari amesema.

Kuna imani kwamba aliyegongwa kichwa asilale usiku kucha. Kama hana dalili hata moja katika orodha ya hapo juu, alale, usingizi unamsaidia. Anachohitaji ni mtu chumba kimoja naye, anayejua dalili za hatari na yuko tayari kuondoka usiku. Kama una wasiwasi kiasi cha kutaka kumwamsha kila saa, basi huyo alipaswa kuwa hospitali.

Mpigie mzazi simu mwenyewe. Usimtume mtoto na ujumbe "kocha kasema niangaliwe", kwani mtoto mwenye kichwa kilichovurugika atasahau nusu, na nusu nyingine ataificha asizuiwe kucheza.

Siku mbili za mwanzo, kisha shule

Zamani ushauri ulikuwa kumfungia mtu chumba chenye giza mpaka dalili ziishe. Wataalamu waliokutana Amsterdam Oktoba 2022 kuhusu mitikisiko michezoni, ambao tamko lao lilitoka mwaka 2023, wameuacha. Sasa kinachoshauriwa ni mapumziko ya wastani kwa saa 24 hadi 48: kazi nyepesi za nyumbani na kutembea taratibu vinaruhusiwa, na simu na televisheni vipunguzwe kadiri inavyowezekana katika saa 48 hizo. Baada ya hapo anaanza kujongea kidogo kidogo. Kulala kitandani wiki nzima kunachelewesha kupona.

Shule inatangulia uwanja. Mwanafunzi ambaye bado hawezi kukaa darasani asubuhi nzima bila kichwa kumuuma hana sababu ya kuonekana mazoezini jioni. Mwalimu wa darasa aombwe mambo madogo: asikalishwe juani kwenye mstari wa asubuhi, apewe mapumziko katikati ya vipindi, mitihani isogezwe siku chache. Kwa mtu mzima, mfano fundi anayepanda ngazi au dereva wa bajaji, suala ni usalama wa kazi yenyewe, na hapo ruhusa ya daktari inahitajika kabla ya kurudi.

Kurudi uwanjani: hatua sita

Kila hatua ichukue angalau saa 24. Kwa hesabu hiyo ratiba nzima haiwezi kwisha chini ya wiki moja, na wengi huhitaji zaidi: mtu mzima kwa kawaida wiki mbili hivi, mtoto na kijana hadi wiki nne.

*Hatua ya 1.* Shughuli za kawaida za siku zisizozidisha dalili. Kutembea dukani, kufagia.

*Hatua ya 2.* Mazoezi ya moyo, mepesi kisha ya wastani. Baiskeli iliyosimama ni nzuri. Kama haipo, kutembea haraka na baadaye kukimbia taratibu kwenye njia tambarare. Mwanzo mapigo ya moyo yasizidi asilimia 55 ya kiwango cha juu, kisha asilimia 70. Kiwango cha juu unakikadiria kwa kutoa umri kwenye 220: kijana wa miaka 17 ana 203, hivyo anaanzia chini ya mapigo 112 kwa dakika na baadaye anafika 142. Bila saa ya kupimia, mwambie akimbie huku akiongea. Sentensi zikikatika, apunguze.

*Hatua ya 3.* Kikapu, lakini peke yake. Kudundisha mpira kwa mikono yote, kubadilisha mwelekeo, mitupo huru, kurusha akiwa amesimama na baadaye akitoka mbio. Hapa tazama macho yake. Kufuata mpira kwa macho huku kichwa kinageuka kunaamsha kizunguzungu kuliko kukimbia, na mchezaji aliyedhani amepona hujikuta akishika magoti baada ya mitupo kumi. Asifanye mazoezi ya ribaundi na wenzake, wala mtu asisimame kati yake na ringi.

Katika hatua hizi tatu za mwanzo dalili zikipanda kidogo sana, tuseme pointi moja au mbili kati ya kumi, na zikashuka ndani ya saa moja, si tatizo. Zikizidi hapo, acha, jaribu kesho.

Hapa pana lango. Hatua ya 4 haianzi mpaka dalili zote ziishe, akiwa amepumzika na akiwa amechoka pia, na mhudumu wa afya amempa ruhusa. Ruhusa ya mchezaji mwenyewe haihesabiki.

*Hatua ya 4.* Mazoezi na timu bila kugusana: pasi za watu watatu, kukimbia mipango ya mashambulizi bila walinzi, mbio za nguvu. Akili inachoshwa pia, hivyo mpe mipango migumu na umwone anavyoikumbuka.

*Hatua ya 5.* Mazoezi kamili, skrini, ribaundi, tano kwa tano. Angalia kama anaogopa. Anayekwepa kugusana hucheza vibaya kwa mwili, na huumia tena.

*Hatua ya 6.* Mechi.

Dalili ikirudi katika hatua ya 4, 5 au 6, anarudi ya 3. Zisipoisha baada ya wiki nne, aonwe na daktari wa mishipa ya fahamu au mtaalamu wa viungo anayejua shingo na mfumo wa mizani ya mwili. Mara nyingi kinachobaki kinatibika.

Sehemu nyingi za kwetu mhudumu mwenye ujuzi huu ni mgumu kumpata. Kwa hali hiyo naona kanuni ya Uingereza inafaa. Mwongozo wao wa 2023 kwa michezo isiyo ya kulipwa unasema hakuna mechi ya ushindani kabla ya siku 21 tangu kuumia. Mwenye miaka chini ya 18, mimi ningefuata hiyo bila kubishana, hata kama kuna UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, wiki ijayo.

Watakaokusukuma

Mchezaji atadanganya. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kijana wa miaka 16 anayeona skauti jukwaani hasikii methali. Ndiyo maana swali "uko sawa?" halina faida, kila mtu hulijibu ndiyo. Uliza "nini kinakusumbua zaidi, kichwa au macho?" Utashangaa kinachotoka.

Viongozi watakukumbusha kwamba Kevin Love wa Cleveland Cavaliers alirudi haraka. Ni kweli, aligongwa kiwiko kisogoni na Harrison Barnes kwenye mechi ya pili ya fainali za NBA za 2016, akakosa ya tatu, akacheza ya nne. Alifuatiliwa na madaktari kwa utaratibu wa ligi siku zote hizo. Wewe una nini? Wakumbushe pia hatari ya kugongwa mara ya pili kabla ya kupona: ni nadra, lakini kwa vijana imewahi kuleta uvimbe wa ubongo unaoua, hata kwa pigo dogo.

Kupunguza mapigo

Kofia hazizuii mtikisiko. Kinga ya meno inafaa kwa meno, ivaliwe, ila usiitegemee kulinda ubongo.

Kinachopunguza ni mambo ya kawaida. Fundisha kumpa mrushaji nafasi ya kushuka, na mtu akiingia chini ya miguu ya mwenzake mazoezini, simamisha zoezi hata kama hakuna aliyeanguka. Fundisha kusema "skrini!" kwa sauti. Mwamuzi asiyepiga filimbi kwa viwiko vinavyozungushwa, nahodha amkumbushe kwa heshima mapema, robo ya kwanza, kabla hakijampata mtu.

Kisha tembea uwanja wako. FIBA inataka nafasi ya mita 2 isiyo na kizuizi kuzunguka mistari, na nguzo zifunikwe kwa sponji mpaka urefu wa mita 2.15. Viwanja vingi vya mitaani nguzo ni bomba la chuma lililosimama karibu na mstari wa mwisho. Godoro la zamani likikatwa, likazungushwa bombani na kufungwa kwa mpira wa ndani wa tairi, juu likavishwa turubai ili lisilowe mvua, linafanya kazi. Benchi za wachezaji na baiskeli za watazamaji zisogezwe. Mchanga uliotapakaa kwenye saruji ufagiliwe kabla ya kila mechi, na fagio ukalifunge hapo hapo kwenye uzio lisipotee.